Mwongozo kamili: kurudi chumbani taratibu baada ya kudhalilishwa, na kwanini wengi mnafeli siku ya raha

Nimeamua niandike yote pahala pamoja, mana kila mwezi nnaulizwa jambo lile lile. Mtu aliyewahi kudhalilishwa kaanza vizuri na mwenzake mazoezi ya kurudi kwenye tendo la ndoa, wiki mbili tatu mambo yanakwenda, halafu usiku mmoja wakajisikia raha wakasema ah leo tumalizie tu, asubuhi yake karudi nyuma kuliko alipoanzia, hataki hata kushikwa bega. Hamfeli siku ya tabu ndugu zangu. Mnafeli siku ya raha, na nitakuonyesheni hasa ni hatua gani mnairuka.

Miye si daktari, nnakaa na watu kwenye ushauri nasaha hapa mjini Unguja na mara nyengine nnavuka kwenda Pemba. Tuingie kazini.

## Huu ni wa nani

Mtu mzima, mwanamke au mwanamme, aliyebakwa au kudhalilishwa iwe utotoni au ukubwani, na sasa yuko kwenye ndoa anayoitaka mwenyewe, ila ikifika usiku mwili unakataa. Mwengine anaganda kama gogo. Mwengine anasikia maumivu makali mlangoni kabisa, au kichefuchefu, au anaona picha za siku ile usoni kwake kama tv. Mwengine hasikii kitu, yuko pale lakini hayupo. Wanaume nao, mwengine viungo vinakataa, mwengine anapata hasira ghafla bila kujua kwanini.

Na kwa wanaume niseme hili mapema, mana wengi wanalibeba miaka na miaka bila kumwambia mtu: kama siku ile mwili wako uliitikia, hiyo si ridhaa. Mwili unaitikia mguso kama jicho linavotoa machozi ukikata kitunguu, hujamuonea huruma mtu. Kwa wanawake ni hivo hivo.

Mtoto hayumo kwenye mwongozo huu kabisa. Kama anayeumia ni mtoto piga 116, ni bure, na mpeleke kituo cha Mkono kwa Mkono, pale wanapohudumiwa waliodhalilishwa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari dogo, na pahala pa kulifungia. Nyumba zetu mnazijua, wifi anatafuta chumvi anakuta siri yako.
- Chumba chenye komeo au kitasa kinachofanya kazi, na taa ya mwanga mdogo. Kiza totoro hapana.
- Saa ya simu, ile ya kupiga kengele. Simu yenyewe weka kimya.
- Kanga mbili safi, au shuka nyepesi.
- Ndimu moja mbichi, ikiwezekana itoke kwenye friji. Utajua kazi yake huko chini.
- Mafuta ya kulainisha ya maji, yale ya duka la dawa, yasiyo na harufu wala rangi. Kama mnatumia kondomu msitumie mafuta ya nazi wala vaselini, yanaipasua.
- Mtu mmoja wa kuongea nae nje ya chumba. Mshauri, daktari, rafiki mwenye kifua.
- Miezi kadhaa. Mkitaka iwe kabla ya Ramadhani na Ramadhani ni mwezi ujao, subirini muanze baada ya Sikukuu, msije mkapapia.

## Hatua ya 1: Hakikisha hatari imekwisha

Huwezi kumfundisha mwili kuwa uko salama wakati haupo salama. Kama aliyekudhalilisha ndo huyo huyo unayelala nae, au anaingia nyumba hiyo kila Ijumaa kula biriani kwa sababu ni shemeji au mjomba, basi simama hapa. Kazi yako ya kwanza ni kutoka au kumtoa, mambo ya chumbani baadae.

Kama jambo lenyewe ni la siku hizi, kuna saa za kuhesabu. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zianze ndani ya saa 72 na zinanywewa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinafanya kazi mpaka saa 120, ila kila ukichelewa nguvu inapungua. Usikoge, usifue nguo, nenda hivo hivo. Kituo cha Mkono kwa Mkono kipo spitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, tokea 2011, na Pemba kipo Chake Chake, pale daktari, polisi na mshauri wako chini ya paa moja, huzungushwi kuhadithia kila mlango.

Ukifaulu hatua hii: unaweza kulala nyumbani kwako bila kusikiliza nyayo.

## Hatua ya 2: Spitali kwanza

Wengi mnairuka. Mtu miaka minne anapigana na roho yake kumbe ana fangasi au maambukizi ya njia ya mkojo, au kovu la uzazi halijakaa vizuri. Maumivu ya kweli yanamkumbusha mwili hatari kila siku, hakuna ushauri utakaoshinda hilo.

Mwambie daktari neno moja tu, "nnapata maumivu wakati wa tendo la ndoa na niliwahi kudhalilishwa, naomba unieleze kila kitu kabla ya kunigusa." Una haki ya kuomba daktari mwanamke, una haki ya kuingia na dada yako, una haki ya kusema basi katikati ya kipimo.

Uliza kuhusu misuli ya chini ya nyonga pia. Kuna wanawake misuli hiyo inakaza yenyewe, bila wao kutaka, kama jicho linavofumba mchanga ukirushwa. Mume anasema kama kuna ukuta. Hiyo inatibika, kwa mazoezi ya kukaza na kulegeza, na kwa vile vijiti laini vya mazoezi vinavyoanza vyembamba vikienda vinene, lakini uelekezwe na mtu anayejua, usinunue ukaanza mwenyewe.

Na taja dawa unazokunywa. Sertraline na fluoxetine zinasaidia sana wenye huzuni na kiwewe lakini kwa baadhi ya watu zinapunguza hamu na kuchelewesha kufika kileleni. Baadhi ya dawa za presha, na kisukari chenyewe, vinaweza kupunguza nguvu za kiume. Usiache dawa ghafla, muulize aliyekuandikia.

## Hatua ya 3: Tafuta wa kukaa nae

Mazoezi ya chumbani peke yake yanamtosha mtu ambaye picha za siku ile hazimsumbui sana. Kama unaota kila usiku, unashtuka mlango ukigongwa, unakwepa njia fulani miaka yote hii, basi kiwewe chenyewe kitibiwe kwanza au sambamba. Zipo tiba za mazungumzo zenye mpangilio, moja inakuchukua kama vikao 12, unapekua zile fikra zilizoganda, "nilitaka mwenyewe", "mimi ni mchafu", "nilipaswa nipige kelele", unazitia kwenye mizani moja moja. Nyengine unafuata kitu kwa macho kulia na kushoto huku ukikumbuka kipande kidogo kidogo, inaonekana kama mchezo ila inawasaidia wengi.

Utamjuaje mshauri mzuri? Kikao cha kwanza hakulazimishi uhadithie. Anakuuliza unalala vipi, unaishi na nani, unataka nini. Anakwambia siri zako zinakaa wapi. Mbaya ni yule anayesema "hebu nieleze ilikuaje, kila kitu" dakika ya tano, au anayekwambia samehe usahau. Miye mwenyewe miaka ya nyuma nilikaa mbele ya mtu wa namna hiyo, nilitoka nikatembea kwa miguu mpaka Darajani sijui hata nimepita njia gani.

Wengine mnaogopa Kidongo Chekundu, spitali yetu ya magonjwa ya akili, mtaonekana mmerukwa na akili. Mtu anakwenda kwa daktari wa meno kwa jino, na hapa ni hivo hivo. Na shekhe je? Nenda, wapo wenye hekima kubwa. Ila akikwambia ni jini mahaba tu basi, ongeza daktari pembeni, kisomo na tiba havigombani.

Halafu kuna somo, yule mwanamke anayemfunda mwari mambo ya ndoa. Nawapenda masomo wetu, wanajua mengi kuhusu nyumba, udi, asumini, namna ya kumpokea mume. Lakini sikio langu limechoka na "kaza roho mwanangu, utazoea." Mwili uliodhalilishwa hauzoei kwa kukazwa roho. Ukiulazimisha mara kumi unajifunza mara kumi kwamba chumbani ni pahala pa kulazimishwa.

## Hatua ya 4: Jifunze kurudi hapa ulipo

Hii unafanya peke yako, mchana, umevaa nguo zako, hakuna anayekugusa. Wiki mbili kila siku, dakika tano.

Kwanini? Kumbukumbu ya kiwewe haiji kama hadithi ya zamani, inakuja kama inatokea sasa. Mwili ukiona hatari una mambo matatu, kupigana, kukimbia au kuganda, na hauulizi ruhusa yako. Kwa hivo tunaufundisha njia ya kurudi leo.

Kaa, miguu chini sakafuni. Macho WAZI. Taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia, viwili unavyovinusa, kimoja kinywani. Feni. Pazia. Kikombe. Sakafu ya baridi chini ya nyayo. Muuza samaki anapiga honi ya baskeli. Halafu sema tarehe ya leo na umri wako. Mtu aliyeumizwa utotoni, ndani yake bado ana miaka tisa, akisikia "nna miaka thelathini na moja, hii ni nyumba yangu" kuna kitu kinashuka mabegani.

Kisha ndimu. Ishike, ni baridi, ina ngozi ya vishimo, ikwaruze kwa ukucha uinuse. Harufu kali na baridi vinamvuta mtu haraka kuliko maneno.

Tahadhari: wanaokwambia ufumbe macho uvute pumzi ndefu, kwa wenye kiwewe pengine inaharibu, ukifumba macho ndo picha zinakuja. Ukitaka pumzi, vuta kwa hesabu ya nne toa kwa hesabu ya sita, macho wazi.

Ukifaulu: ukishtushwa na kitu mchana, sema pikipiki imepiga kishindo, unarudi kwenye shughuli yako ndani ya dakika chache badala ya kuharibikiwa kutwa nzima. Ukiwa hujafika hapo usiende hatua ya 6.

## Hatua ya 5: Daftari la vinavyokuamsha

Kila ukiganda au ukishtuka, andika mistari miwili tu: nini kilitokea kabla yake kidogo, na hofu ilifika ngapi kati ya 0 na 10. Usiandike hadithi ya siku ile. Baada ya wiki tatu utaona mtindo.

Nikupe mfano, nimebadilisha mambo ili mwenyewe asijulikane. Dada mmoja wa shamba, mume mpole kabisa, hajawahi hata kumpandishia sauti. Kila wakiingia chumbani anaganda kabla hajaguswa, mume anaona kachukiwa. Daftari likaonyesha hofu inaruka kutoka 2 kwenda 8 pale pale, wakati mume anafunga komeo. Lile komeo la chuma, kishindo chake kile cha kugota mwisho. Na mume alikuwa analisukuma kwa nguvu makusudi, ili mkewe asikie kwamba pamefungwa, asione haya mama mkwe ataingia. Yani anafanya ihsani, na ihsani hiyo ndo inamrudisha mwenzake kwenye chumba chengine.

Dawa yake ilikuwa ndogo. Komeo likatiwa mafuta na kipande cha kitambaa mwisho wake, na kuanzia siku hiyo anayefunga na kufungua ni mke, funguo inakaa mchagoni upande wake. Hofu ikashuka mpaka 3 kabla hata ya kuanza mazoezi yoyote.

Wengine ni harufu. Manukato fulani, sigara, jasho la mchana. Udi nao, mana tumefundishwa chumba kifukizwe, na kama siku ile palinukia udi basi wewe kila usiku unafukiza kiwewe. Badilisha, weka asumini au usiweke kitu. Wengine ni saa, jambo lilitokea usiku, basi wahamishie mazoezi alasiri, saa kumi watoto wamekwenda chuo cha Kurani na nyumba imetulia. Wengine ni kulaliwa kwa juu, au kushikwa mkono, au neno fulani la mapenzi. Mwambie mwenzako orodha. Sababu si lazima umwambie.

## Hatua ya 6: Wekeni marufuku

Hapa ndo penyewe, mnaporuka wote.

Mnakaa mkiwa mmevaa, mchana, nje ya kitanda, mnakubaliana kwa mdomo kwamba kwa wiki sita hakuna tendo la ndoa. Hakuna. Hata mkipenda. Hata yeye akitaka, hata wewe ukitaka. Muda huo mnaweza kuurefusha lakini hamuwezi kuufupisha katikati ya usiku.

Wanaume wananiambia wiki sita nyingi. Nnawauliza, arubaini ya uzazi mliwezaje? Hedhi kila mwezi mnawezaje, na mnalala kitanda kimoja, mnacheka, anakuegemea? Mchana wa Ramadhani je? Siye watu wa hapa marufuku yenye mwisho tunaijua tokea utotoni, tunajua kukaa karibu bila kuvuka mpaka. Hii ni arubaini nyengine. Na anayesema mke kakatalia haki, mgonjwa ana udhuru wake, na dini yetu haitaki mtu adhuriwe.

Sababu yenyewe ni hii. Mwili uliodhalilishwa ukiguswa shavu haupokei shavu, unapiga hesabu, hili shavu linaelekea wapi? Kila mguso ni mlango wa kitu chengine, kwa hivo hata kukumbatiwa jikoni anajikausha. Ukijua kwa yakini kwamba leo hakuna kinachofuata, hesabu inaachwa. Ndo mtu kwa mara ya kwanza anasikia mkono ni mkono.

Sasa mkivunja marufuku usiku wa raha, mmefanya nini? Mmeuthibitishia mwili kwamba ulikuwa sahihi, kumbe mguso ulikuwa unaelekea kule kule, ahadi ilikuwa ya uongo. Haijalishi kwamba ulitaka mwenyewe dakika ile. Mwili unaweka kumbukumbu ya mpaka, kwamba haukushika. Hamu ikija kwenye wiki ya tatu, alhamdulillahi, furahini, kisha laleni nayo. Hamu iliyoachwa ikapita bila kitu kutokea ni dawa kubwa kuliko tendo lililofanikiwa.

Ndani ya makubaliano tieni na haya:

Neno la kusimama. Lisiwe "basi" wala "hapana", mana siku ile pengine ulisema hapana na haikusikilizwa. Chagueni neno la kipuuzi. Kuna wanandoa walichagua "urojo", wakawa wakilisema wanacheka, na kucheka kulisaidia pia.

Ndimu. Mtu akiganda mdomo haufunguki, neno halitoki. Kwa hivo aliyeumizwa anaishika ndimu mkononi muda wote. Mkono uliopoteza nguvu unaiachia wenyewe. Ikianguka, tumesimama, hata kama hajasema kitu.

Kimya si ndio. Kwenye kuozeshwa mwari akiulizwa akanyamaza wanasema karidhia. Hesabu hiyo muiache mlangoni. Humu ndani kimya ni hapana mpaka aseme kwa mdomo wake.

Baada ya kusimama hakuna maswali. Mume haulizi "nimefanya nini?" usiku ule. Anasogea, anampa kanga ajifunike, anamletea maji. Mazungumzo kesho.

Ukifaulu: unaanza kumsogelea mwenyewe jikoni au ukumbini bila kuwaza usiku.

## Hatua ya 7: Mguso, ngazi kwa ngazi

Mara mbili au tatu kwa wiki, dakika 20, kengele ya simu ikilia mmemaliza hata kama ni tamu. Msizidishe. Mmoja anagusa dakika kumi, halafu mnabadilishana. Anayegusa anajishughulisha na anachokisikia mkononi mwake, joto, ulaini, hajaribu kumfurahisha mwenzake wala kumuamsha. Anayeguswa hana kazi yoyote, halazimiki kufurahi.

*Ngazi ya kwanza, wiki mbili.* Nguo zote mwilini, taa inawaka, mmekaa si kulala. Mikono tu, mpaka kwenye viwiko. Aliyeumizwa anaweka mkono wake juu ya mkono wa mwenzake na kuuongoza kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika. Wapo wanaoona ni upuuzi, watu wazima kushikana vidole. Mjaribu. Nimeona mwanamme mzima wa Wete analia kwa sababu mkewe, waliyekaa nae kwenye ndoa miaka saba, alimshika kiganja bila kukaza.

*Ngazi ya pili, wiki mbili.* Uso, nywele, mgongo, miguu. Nguo nyepesi au kanga. Matiti na sehemu za siri bado. Mmelala ubavu kwa ubavu, na aliyeumizwa awe upande wa mlango, njia ya kutoka iwe wazi.

*Ngazi ya tatu, wiki mbili au zaidi.* Mwili wote, bila kukusudia kumaliza na bila kuingiliana. Hapa ndo hofu inarudi kwa wengi hata kama ngazi mbili zilikuwa shwari, ni kawaida.

Kila baada ya zoezi kila mmoja anasema namba. Hofu 0 mpaka 3, vizuri, endeleeni. Ikifika 4 rudini ngazi ya chini kesho yake. Ikifika 7 simameni siku kadhaa mwende kwa mshauri. Na msipande ngazi mpaka mazoezi matatu mfululizo yamebaki chini ya 3.

Alama za kuganda mume azijue kwa macho: anatazama pahala pamoja hapepesi, pumzi imekuwa fupi ya juu juu, viganja vimekuwa vya baridi, ukimwita jina anachelewa kuitika. Ukiona moja usingoje ndimu, simama wewe.

Na wewe uliyeumizwa usijikaze ili umfurahishe. Nnajua unamuonea huruma, kavumilia mwaka. Lakini ukivumilia kimya kimya anaamini mnaenda vizuri na yeye anapanda ngazi, halafu siku ikikatika anahisi umemdanganya.

## Hatua ya 8: Tendo lenyewe

Wiki sita zikiisha marufuku haifunguki yenyewe kama saa ya kufuturu. Inafunguliwa na aliyeumizwa, kwa maneno, mchana. Pengine wiki ya kumi, pengine mwezi wa tano.

Anayeongoza ni yeye. Yeye juu au ubavu, yeye anaamua kasi, na mafuta ya kulainisha yatumike hata kama mnaona hayahitajiki, mana mwili uliozoea hofu unakauka. Macho wazi, taa ndogo, itaneni kwa majina. Mara ya kwanza mkubaliane kwamba mtasimama katikati hata kama hakuna tatizo, mtulie dakika moja, halafu muamue kuendelea au kulala. Kusimama huko makusudi kunaufundisha mwili kwamba breki inafanya kazi.

Maumivu yakitokea acheni, msisukume. Maumivu yakirudi mara tatu nenda hatua ya 2.

Na kulia baadae msiogope sana. Kulia na kutetemeka kidogo hutokea, funikeni kanga, kunyweni chai. Hatari ni mtu asiyerudi, saa nzima hajui yuko wapi, au anasema bora nife, au anajikata. Hapo zoezi limekwisha, mpelekeni spitali usiku huo huo na msimwache peke yake.

## Siku mtakayoteleza

Mtateleza. Msiba, harusi mliyomkuta yule mtu amekaa mstari wa mbele, kesi imeitwa mahakamani, mtoto wenu kafika umri uliokuwa nao wewe siku ile. Hiyo ya mwisho inawashangaza sana watu, mtu alikuwa mzima miaka kumi, binti anatimiza minane, usingizi unakatika.

Msirudi mwanzo wote. Fanyeni hatua ya 4 siku tatu, halafu ngazi moja chini ya mlipokuwa, wiki moja, halafu pandeni. Marufuku mnaiweka upya ya siku kumi na nne.

Kama mlivunja marufuku usiku wa raha, semeni wazi kesho yake asubuhi, bila lawama: "jana tulivuka mpaka tuliouweka, tunauweka tena kuanzia leo." Anayetangulia kusema awe yule ambaye hakuumizwa. Akisubiri mwenzake aseme, mwenzake hatasema, ataandaa chai, atakaanga mandazi, na usiku atavaa suruali chini ya dera.

Daftari likijaa lichomeni nyuma ya nyumba pamoja na makuti, msilitupe jaani. Watoto wa mtaa wanajua kusoma.